UZI: Ati pombe ndiyo inaua akina mama?

Kila msimu wa siasa kuna mheshimiwa anayeulizwa kuhusu akina mama wanaofariki wakijifungua, naye anajibu na pombe haramu. Vijana wanalewa, wanaume wamepotea, familia zimekwisha. Makofi, na swali linafia hapo. Hii tabia ya kujibu kila kitu na pombe ina historia.

Miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi liliamua kwamba pombe ya Waafrika italipika na kuliuzia lenyewe. Kilabu kikawekwa Pumwani. Wanawake waliokuwa wakipika kwa nyumba zao, wengine wakilisha watoto na hiyo pesa, wakawa wa kushikwa na kutozwa faini. Faida ya kilabu ikaenda kwa mfuko wa huduma za Waafrika. Yaani Mwafrika alilipa kodi, halafu akajilipia huduma kwa kulewa. Pumwani hiyo hiyo ndiyo ilipata nyumba ya kujifungulia mwaka 1926, ambayo leo ni ile hospitali kubwa ya akina mama. Sisemi bia ndiyo iliijenga. Nasema pombe na uzazi vimekuwa majirani kwa vitabu vya serikali karibu miaka 100.

Baada ya uhuru tukaendelea na rungu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hiyo ikakaa hadi 2010. Ilisaidia? Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Sheria ilikuwepo.

Halafu 2013. Juni mwaka huo serikali iliondoa ada ya kujifungua kwa hospitali za umma. Miezi michache baadaye ikapunguza nafuu ya ushuru kwa bia ya keg, bei ikapanda, na wanywaji wengi wa kipato cha chini wakarudi kwa vichochoro. Mei 2014, Embu na kwingineko, makumi ya watu wakafa. Misako, mapipa kumwagwa mbele ya kamera, kisha kimya.

Sasa angalia ramani. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Kenya ilipoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Garissa ilikuwa juu kabisa, 641. Chini kabisa ni Nyeri, 67. Haya, kati ya hizo mbili ni wapi pombe huwa kwa habari kila wiki? Garissa wengi ni Waislamu na baa ni za kuhesabu. Kinachokosekana huko ni barabara, wakunga, daktari wa upasuaji na hospitali iliyo karibu.

Hata ukifika hospitali bado si salama. Ripoti iliyotoka 2017, iliyochunguza vifo vya akina mama hospitalini, ilikuta kwamba wanawake 9 kati ya 10 walipata huduma ambayo ingepaswa kuwa bora zaidi. Muuaji mkubwa alikuwa kuvuja damu. Ada iliondolewa, lakini damu ya kuongezewa haikuja na tangazo.

Pombe haina makosa? Inayo. Inamdhuru mtoto tumboni, inaleta vipigo nyumbani, na kuna nauli ya kwenda kliniki iliyokunywewa baa. Hayo yanastahili sera yake. Lakini hayaelezi Garissa.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwa hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama anawekewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na ikizidi kiwango anapewa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja. Visa vya kuvuja damu vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Mheshimiwa akija mtaani kwenu kuongea kuhusu chang'aa, muulize hospitali ya kaunti inayo hiyo mifuko mingapi, na friji ya damu ina nini leo.