Viungo vya umeme katika reli za mfano

Viungo vya umeme katika reli za mfano ni mahali ambapo vipande vya reli ya treni ndogo hukutana na kupitishiana umeme. Treni nyingi za aina hii hutumia mkondo mnyoofu wa takriban volti 12. Umeme hutoka reli moja, hupita magurudumuni hadi kwenye mota, kisha hurudi kwa reli ya pili. Kiungo kikiwa kibovu, treni hupunguza mwendo au husimama.

Njia ya Tanga hadi Arusha, iliyofika Arusha mwaka 1929, huvutwa kwa injini za dizeli, hivyo viungo vyake havibebi umeme wa kuendesha treni. Katika SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, umeme wa kilovolti 25 hutoka waya wa juu na reli husaidia kuurudisha. Reli ya mfano inafanana zaidi na hiyo ya pili.

Kutafuta kasoro

Chuma cha reli chenyewe ni nadra kuwa na tatizo. Kasoro huwa kwenye vibamba vya kuungia, ambavyo hulegea na kushika kutu au uchafu kwa miaka. Kupima volti bila mzigo hudanganya, kwa kuwa pasipo mkondo hakuna volti inayopotea. Taa ya gari ya volti 12, wati 5, ikiunganishwa mwisho wa njia huvuta takriban ampea 0.4. Ndipo mita huwekwa pande mbili za kila kiungo, juu ya reli ileile. Kiungo chenye ukinzani wa ohm 5 kikipitisha ampea 0.4 hupoteza volti 2. Kuongeza volti badala ya kutengeneza kiungo ni kuficha ugonjwa.

Matengenezo

Reli hufutwa kwa spiriti. Msasa mkali haufai, maana mikwaruzo hukusanya uchafu. Kibamba kilicholegea hubanwa taratibu kwa koleo, lakini dawa ya kudumu ni waya mfupi unaolehemiwa ubavuni mwa reli zote mbili, kuvuka kiungo. Pasi ya kulehemu iwe ya moto wa kutosha na iguse kwa sekunde chache tu, la sivyo mataruma ya plastiki huyeyuka. Njia ndefu huongezewa nyaya za kuleta umeme sehemu kadhaa.

Viungo vingine vimewekwa plastiki makusudi ili kutenga sehemu za njia. Kuviunganisha kwa waya kunaweza kuleta shoti. Kazi yote hufanywa umeme ukiwa umezimwa, isipokuwa wakati wa kupima, na reli haziunganishwi kamwe moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230.