Jina la Wafilipino na mapadri watatu wa mwaka 1872

Taifa linazaliwa namna gani? Wengi wetu tunazania kwamba linazaliwa siku ya uhuru, bendera inapopandishwa. Historia ya Ufilipino inatufundisha mengine. Uhuru ulitangazwa Kawit tarehe 12 Juni 1898. Lakini jina lenyewe la Wafilipino lilikuwa limekwisha kulipwa kwa damu, miaka 26 mbele.

Tukumbuke kwanza kwamba zamani jina hili halikuwa la wenyeji. Wahispania, waliotawala visiwa vile tangu 1565, waliita Wafilipino wale watu wa kabila lao waliozaliwa kule. Mwenyeji aliitwa «indio», na machotara wa Wachina walikuwa na jina lao na kodi yao.

Mugawanyiko ule ulionekana hata katika Kanisa. Mapadri wenyeji walikuwa wengi, lakini parokia nyingi zilishikwa na watawa waliotoka Hispania. Na kwa amri ya 1861 parokia zingine za wenyeji zilitolewa kwa watawa vilevile. Padri Pedro Peláez alitetea haki ya mapadri wa jimbo, mupaka alipokufa ndani ya kanisa kubwa la Manila, katika tetemeko la inchi la tarehe 3 Juni 1863. Mwanafunzi wake, Padri José Burgos, akashika kazi ile. Burgos alikuwa na damu ya Kihispania, lakini alitetea wenyeji, machotara na Wahispania wa visiwani pamoja. Ndivyo ugomvi wa parokia ulivyounganisha watu waliotengwa na sheria.

Tarehe 20 Januari 1872, askari na wafanyakazi wa Cavite waliasi. Uasi ulizimwa upesi, lakini gavana Izquierdo alisema kwamba mapadri walikuwa ndani yake. Tarehe 17 Februari, mapadri Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora walinyongwa mbele ya watu wengi kwenye uwanja wa Bagumbayan. Gómez alikuwa muzee wa miaka zaidi ya 70; Burgos alikuwa na miaka 35. Askofu mukubwa wa Manila, ingawa alikuwa Muhispania, alikataa kuwavua upadri. Wengine, mapadri na wanasheria, walipelekwa kwa nguvu katika visiwa vya Mariana.

Serkali ilizania imezima moto. Kumbe imetawanya makaa. Vijana wa jamaa zenye mali walikwenda kusoma Ulaya, na kule ugenini Mutagalog na Mwilongo walijiona kuwa ndugu. Mwaka 1889 walianzisha gazeti La Solidaridad kule Barcelona. José Rizal, ambaye kaka yake Paciano alikuwa rafiki wa Burgos, alipiga chapa kitabu chake El Filibusterismo kule Gent, katika Ubelgiji, mwaka 1891, akakitolea kwa mapadri wale watatu. Polepole jina la Mufilipino likawa la kila mwenyeji. Lakini bei yake ilikuwa kubwa: Graciano López Jaena na Marcelo del Pilar walikufa Barcelona mwaka 1896, katika umaskini na kifua kikuu; na tarehe 30 Desemba mwaka uleule Rizal alipigwa risasi Bagumbayan.

Miaka 100 kisha kifo cha mapadri wale, katika Septemba 1972, rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Maelfu walifungwa; wengine walikimbilia Marekani. Sheria ya kazi ya 1974 ilipanga tena namna ya kutuma wafanyakazi inchi za ngambo. Benigno Aquino alirudi toka ugenini tarehe 21 Agosti 1983, akauawa palepale kwenye uwanja wa ndege wa Manila. Katika Februari 1986, Kardinali Jaime Sin aliita watu kwa redio wajaze barabara ya EDSA, na Marcos akakimbia. Alikwenda Hawaii, visiwa ambako Wafilipino maskini walikuwa wakikata miwa tangu 1906.

Leo Wafilipino mamilioni wanafanya kazi ugenini, melini, katika hospitali na katika nyumba za watu, toka Ghuba hata Italia. Mbele ya Noeli wanafanya tena misa tisa za siku tisa, kama kwao. Lakini tusisifu ugeni kupita kiasi. Ulifundisha wanafunzi wa Barcelona kuitana ndugu. Mama anayelea watoto wa wengine na kuacha wake kwa bibi yao anajua upande wake mwingine.

Kwetu sisi mapadri wenyeji, funzo la 1872 liko karibu. Watu watatu wale hawakuomba ufalme. Waliomba parokia, na haki ya kuhesabiwa sawa na mapadri wenzao. Waliowanyima haki ile ndogo walipoteza visiwa vyote.