Kavera mpakani: anzia na kikapu
Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo, Busia na Malaba mifuko hiyo imeendelea kuvushwa kwa magendo kutoka Uganda, ambako huitwa kavera. Ukikamatwa nayo upande wa Kenya, faini hufika shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Ghali mno kwa mfuko wa nyanya!

Nenda sokoni na kikapu au kiondo. Omena, ambazo ndizo kisingizio kikubwa, zibebe kwenye kopo lenye kifuniko. Kavera iliyokwisha kuingia nyumbani usiwashie jiko: moshi wake una sumu, na jikoni ndiko waliko watoto. Magunzi makavu ya mahindi yanawasha vizuri.