Mwinyi: Mhusika Bapa au Duara?

Muulize mtu yeyote wa makamo, awe wa Kibaha au Kisarawe, Ali Hassan Mwinyi alikuwa nani. Atakujibu upesi: "Si Mzee Ruksa!" Basi, hadithi imekwisha. Kwa lugha yetu ya uhakiki, mzee huyu amefanywa mhusika bapa: ana sifa moja tu, na haibadiliki. Makala haya yanapinga usomaji huo.

Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 huko Kivure, kijiji kilichokuwa katika Wilaya ya Kisarawe na ambacho sasa kimo Mkuranga. Angali mtoto mdogo alipelekwa Mangapwani, Unguja, kusoma. Akawa mwalimu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akaingia serikalini, na katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Muungano.

Hapo ndipo penye sura ambayo wengi wetu tunairuka. Katika msako wa wauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa dola, na baadhi yao wakafa. Mwinyi mwenyewe hakumpiga mtu. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwani wizara ilikuwa yake. Baadaye akapelekwa Misri kuwa balozi.

Kisiasa, wengi wangezama hapo. Yeye akaibuka: Rais wa Zanzibar mwaka 1984, Rais wa Muungano Novemba 1985. Alirithi nchi iliyokuwa ikipanga foleni ya sabuni na sukari. Mwaka 1986 Tanzania ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, naye akaitwa Ruksa.

Sasa tujiulize: ruksa kwa nani? Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM chini ya uenyekiti wake mwenyewe…

Hapana: uongozi wake ndio uliolegeza masharti hayo. Muuza mitumba alipata ruksa ya kutafuta riziki, na mkubwa naye akapata ruksa ya kujilimbikizia. Neno ni lile lile, lakini ruksa hizi si za aina moja. Huu ndio mgogoro wa mhusika wetu: aliyebeba dhamana ya makosa ya walio chini yake ndiye aliyesimamia kulegezwa kwa kamba iliyowafunga viongozi wenzake.

Watetezi watasema nyakati zilimlazimisha. Sawa, mazingira humbana mhusika. Lakini hayamnyang'anyi uamuzi wote, na mwaka 1977 ni ushahidi.

Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani. Tumsome kama mhusika duara. Tukibaki na Ruksa peke yake, tutakosa mfano wa kumwonyesha waziri yeyote atakayesema, "Mimi sikuhusika."