Mzee wa vidoti

Kama ulisoma kemia sekondari, bila shaka uliwahi kuchora vile vidoti vinavyozunguka alama za elementi. Sodiamu kidoti kimoja, klorini vidoti saba. Ukaambiwa kimoja kinahama, chumvi inapatikana. Ukapata alama zako, ukasahau. Jina la aliyevibuni vidoti hivyo wengi wetu hatukuambiwa.

Ni Gilbert Newton Lewis, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1875. Elektroni ilikuwa imegunduliwa na Mwingereza J. J. Thomson mwaka 1897. Mwaka 1902, Lewis, mwalimu kijana pale Harvard, alikuwa akihangaika kuwaeleza wanafunzi wake mambo ya atomu. Akaichora kama boksi lenye pembe nane, kila pembe nafasi ya elektroni moja. Atomu, kwa mawazo yake, hutafuta kujaza pembe zote. Mchoro huo akakaa nao miaka 14 bila kuuchapisha!

Sasa, habari ya chumvi haikuwa ngumu sana. Sodiamu ina elektroni 11, lakini ya pembeni kabisa ni moja tu. Klorini ina 17, na saba ziko pembeni. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na hasi, basi wanavutana. Mjerumani Walther Kossel naye aliyaeleza hayo mwaka 1916.

Kitendawili kilikuwa gesi kama hidrojeni. Atomu mbili zinazofanana kila kitu zimeshikana. Nani anamnyang'anya nani hapo?

Jibu la Lewis, mwaka huohuo wa 1916, akiwa Berkeley: hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Kila atomu inaleta elektroni moja, na jozi hiyo inakuwa mali ya zote mbili kwa wakati mmoja. Ni kama vijana wawili waliopanga chumba kimoja mjini: kila mmoja katoa nusu ya kodi, na kila mmoja akikwambia "twende kwangu" hasemi uongo. Maji, sukari, mafuta ya taa, plastiki, hata nyama ya mwili wako, vyote vimeshikana kwa njia hiyo.

Halafu akaja Irving Langmuir, mtafiti wa kampuni ya General Electric na mzungumzaji hodari. Kuanzia mwaka 1919 aliipanua nadharia ya Lewis, akaupa muungano huo jina la kovalenti, akazunguka akihutubia. Lewis alimtaja, tena vizuri tu. Lakini watu wakaanza kusema nadharia ya Lewis na Langmuir, na wengine wakabakiza Langmuir peke yake. Lewis, ambaye hakuwa mtu wa majukwaa, ilimkera sana.

Langmuir alipata Nobeli mwaka 1932, japo kwa kazi nyingine, ya kemia ya nyuso za vitu. Waliopita mikononi mwa Lewis nao walipata: Harold Urey mwaka 1934, Glenn Seaborg mwaka 1951. Lewis mwenyewe alipendekezwa zaidi ya mara 30, asiipate hata mara moja. Machi 23, 1946 alikutwa amefariki ndani ya maabara yake, akiwa na umri wa miaka 70.

Mimi simwiti Langmuir mwizi. Bila mdomo wake, wazo lile pengine lingekaa muda mrefu kwenye kurasa za jarida zinazosomwa na wachache. Lakini kisa hiki kinanigusa kwa sababu kazi yetu sisi waandishi ndiyo hiyohiyo ya Langmuir: kuchukua anachokijua mtu mwingine na kukitangaza. Jina la mwandishi linakaa juu kabisa ya habari. La mzee wa kijijini aliyemweleza kila kitu linakaa aya ya saba, na nafasi ikiwa finyu, ndiyo aya ya kwanza kukatwa.

Atomu mbili zikishirikiana elektroni, kila moja inazihesabu zote kuwa zake na hakuna anayepungukiwa. Sifa tunazigawana hivyo kweli? Wewe unaonaje?