Kuongeza sababu za rufaa katika kesi ya VAT

MFANYABIASHARA anayepinga madai ya Ushuru wa Thamani ya Ziada, VAT, hana uhuru wa kubadilisha hoja zake apendavyo rufaa ikishaanza. Sheria za Kenya humfunga kwa yale aliyoyaandika mwanzoni.

Chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, anayekadiriwa ushuru na KRA ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna. Pingamizi hilo sharti lieleze bayana sababu zake na marekebisho yanayotakiwa, na liambatane na stakabadhi. Uamuzi wa Kamishna usipomridhisha, ana siku 30 za kutoa notisi kwa Jopo la Rufaa za Ushuru, kisha siku 14 za kuwasilisha maelezo ya rufaa yenyewe.

Kifungu cha 56 cha sheria hiyo chasema kuwa mkata rufaa atategemea tu sababu zilizotajwa katika pingamizi, ila Jopo au mahakama ikimruhusu kuongeza nyingine. Kifungu hicho pia humtwika mlipa ushuru mzigo wa kuthibitisha kuwa uamuzi wa Kamishna una kasoro.

Chukua mfano wa muuza nafaka anayedaiwa VAT ya asilimia 16. Katika pingamizi alilalamika tu kuwa hesabu zilikosewa. Baadaye wakili wake anatambua kuwa mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa hayatozwi ushuru huo. Hoja hiyo ingeweza kufuta deni lote, lakini haitasikizwa bila idhini.

Anayeomba idhini hana budi kueleza hoja mpya ni ipi na kwa nini haikutajwa mapema. Kuhusu kesi za madai kwa jumla, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema mwaka wa 1958, katika kesi ya Eastern Bakery, kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya kesi kusikizwa yafaa kuruhusiwa bila ugumu, mradi upande wa pili usidhulumiwe. Katika mizozo ya ushuru, hata hivyo, Kamishna aweza kujibu kuwa hakupewa nafasi ya kuichunguza hoja hiyo alipofanya uamuzi.

Kwa hivyo, mlipa ushuru anashauriwa kutaja kila sababu aliyo nayo katika pingamizi lake la kwanza, na akigundua pengo, aombe idhini kabla ya siku ya kusikizwa.