Raba za toleo maalumu: zinavyouzwa kwenye intaneti na mahali faida inapopotelea

Raba za toleo maalumu ni viatu ambavyo kampuni yenye nembo hutoa kwa idadi ndogo, kwa siku na saa iliyotangazwa. Baada ya hapo havitolewi tena, au hukaa miaka kadhaa kabla ya kurudi sokoni. Bei ya dukani huwa ya kawaida, lakini dakika chache baada ya mauzo kufungwa jozi ile ile huonekana kwenye tovuti za walanguzi ikiuzwa maradufu, yaani kwa bei ya kuruka.

Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo inayowavuta vijana, walanguzi na matapeli. Siku hizi inawagusa pia mawakala wa mizigo na wasafirishaji wanaoombwa kuleta jozi moja moja Afrika Mashariki. Mfanyabiashara anayeingia humo akitazama tofauti hiyo peke yake anaweza kumaliza msimu mzima bila faida.

Biashara hii ilikoanzia

Nike ilianza kuuza Air Jordan 1 mwaka 1985 kwa dola 65 za Marekani, ikitumia jina la mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan. Wakati huo kiatu hicho hakikuwa adimu. Miaka ilivyopita, wengi waliokitamani utotoni bila kuwa na fedha walipata kipato, wakaanza kukitafuta kwa bei yoyote.

Februari 2005, duka moja la eneo la Lower East Side jijini New York liliuza Nike Dunk yenye mchoro wa njiwa, iliyobuniwa na Jeff Staple. Zilitengenezwa jozi 150 tu. Watu walipiga kambi nje ya duka kwenye baridi, polisi wakalazimika kuingilia kati, na gazeti la New York Post likaiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2015 Nike ilianzisha programu ya simu iitwayo SNKRS, na Adidas ikaanzisha ya kwake, Confirmed. Foleni ikatoka barabarani ikahamia kwenye intaneti.

Jinsi mauzo yanavyoendeshwa

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya anayewahi: saa ikifika, wa mwanzo kulipa ndiye anayepata mpaka mzigo unapoisha. Ya pili ni dirisha fupi la dakika chache, ambapo oda zote zilizoingia huchanganywa na kompyuta ikachagua washindi. Ya tatu ni bahati nasibu ya kujiandikisha mapema, na majibu hutolewa baadaye.

Katika njia zote tatu mnunuzi huweka kadi ya benki, anwani na namba ya kiatu kabla ya saa ya mauzo. Kisha husubiri. Idadi ya wanaokosa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2020 Air Jordan 1 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Dior ilikuwa na takriban jozi 13,000, huku waliojiandikisha wakielezwa kufikia milioni 5. Hiyo ni wastani wa jozi moja kwa kila watu 385, na bei yake ilianzia dola 2,000.

Pamoja na hayo, wanaopenda raba hawaachi. Kwa bei ya dukani mtu hupata kitu ambacho jirani hana, chenye historia anayoijua, na kwa namba inayomtosha yeye. Air Jordan 1 ya mwanamuziki Travis Scott iliuzwa dola 175 Mei 2019, na bei ya kuruka ikapita dola 1,000. Aliyeipata siku ile aliweza kuivaa au kuiuza, na kwa vyovyote hakupoteza. Ushindi mmoja wa namna hiyo hufuta kumbukumbu ya kukosa mara thelathini.

Kwa nini kampuni haipandishi bei

Mtu mwenye mazoea ya soko atauliza kwa nini kampuni isiuze dola 1,000 kitu ambacho watu wako tayari kukilipia dola 1,000. Jibu ni kwamba foleni yenyewe ni tangazo. Jozi chache zinazogombewa huipa nembo jina, na jina hilo ndilo linalouza mamilioni ya raba za kawaida. Faida inayoachwa kwenye jozi hizo chache ni sawa na gharama ya matangazo. Isipokuwa fedha hiyo haiendi kwa mnunuzi wa kawaida, inaenda kwa anayejua kuingia mbele yake.

Roboti na walanguzi

Walanguzi wakubwa hawabonyezi simu kwa kidole. Hutumia programu za roboti zinazojaza fomu kwa sekunde chache, zikiwa na mamia ya majina, anwani na kadi, kila moja ikijifanya mteja tofauti. Programu hizo nazo hulipiwa, na zinazofanya kazi vizuri hulanguliwa kama viatu vyenyewe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2016 inayokataza roboti inahusu tiketi za maonyesho na michezo tu. Muswada wa kuipanua ifikie bidhaa nyingine uliwasilishwa mwaka 2018, 2019 na 2021 bila kupitishwa. Kwa upande wake, Nike ilibadili masharti yake ya mauzo mwaka 2022 ili iweze kufuta oda zilizowekwa na roboti.

Wateja wengi walikasirika zaidi Machi 2021, wakati makamu wa rais wa Nike aliyesimamia Amerika Kaskazini alipojiuzulu. Hatua hiyo ilifuatia jarida la Bloomberg Businessweek kuandika kuwa mwanawe aliendesha biashara ya kulangua raba.

Soko la bei ya kuruka

Tovuti zinazojulikana zaidi ni StockX ya Detroit na GOAT ya Los Angeles. StockX hufanya kazi kama soko la hisa: muuzaji hutaja bei anayotaka, mnunuzi hutaja anayoweza, na zikikutana biashara inafungwa. Kiatu hupelekwa kwanza kwenye kituo cha ukaguzi, kikipita ndipo kinapotumwa kwa mnunuzi na muuzaji kulipwa.

Faida ya mlanguzi ni ndogo kuliko inavyoonekana. Tuchukue mfano wa jozi ya dola 150 dukani. Kodi ya mauzo ya asilimia 8 inaifikisha dola 162. Ikiuzwa dola 300, kamisheni ya asilimia 10 na gharama ya malipo ya asilimia 3 zinaondoa dola 39. Kinachobaki ni dola 99, wala si 150. Bei ya kuruka ikishuka hadi dola 200, faida inakuwa dola 12. Ikishuka hadi dola 180, muuzaji anapoteza zaidi ya dola 5, na hapo nauli na muda havijahesabiwa.

Bei hushuka kweli. Nike Dunk nyeusi na nyeupe, maarufu kwa jina la Panda, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 100 na ikalanguliwa kwa bei ya juu. Kampuni ikairudisha sokoni mara kwa mara mpaka bei ya kuruka ikakaribia ya dukani. Aliyekuwa ameweka boksi ishirini stoo akisubiri zipande alibaki nazo. Uadimu wa kiatu uko mikononi mwa anayekitengeneza, na mlanguzi hana sauti juu yake.

Feki na malipo ya awali

Ukaguzi wa tovuti hupunguza feki lakini hauzimalizi. Mwaka 2022 Nike ilidai mahakamani kuwa ilinunua StockX jozi nne za bandia zilizokwisha kupitishwa na wakaguzi. Machi 2025 jaji aliamua kuwa StockX inawajibika kisheria kwa kuuza jozi 37 za bandia, na Agosti mwaka huo pande mbili zikamaliza kesi kwa makubaliano.

Hatari kubwa zaidi ni kulipa kabla ya mzigo kuwapo. Kampuni ya Zadeh Kicks ya jimbo la Oregon ilikuwa ikipokea fedha za raba ambazo hazijatoka, kwa bei iliyo chini ya dukani. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, kwa toleo moja tu la Air Jordan 11 ilipokea oda za jozi zaidi ya 600,000 ilhali iliweza kupata jozi 6,000 na kidogo. Mwenye kampuni alishtakiwa mwaka 2022, na oda ambazo hazikutimizwa zilikuwa za zaidi ya dola milioni 70.

Mzigo unapovuka mpaka

Wanunuzi wa Afrika Mashariki hutumia anwani ya wakala wa mizigo aliyeko Marekani, Uingereza au Dubai. Wakala na msafirishaji wazingatie mambo yafuatayo:

1. Thamani ya forodha ni bei iliyolipwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaanza na bei ambayo mnunuzi alilipa kweli. Aliyelipa dola 300 kwa mlanguzi halafu akaonyesha risiti ya dukani ya dola 150 ametoa tamko la uongo, na hilo ni kosa. VAT hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Uganda na Tanzania Bara.

2. Boksi lina uzito wake. Boksi la sentimita 36 kwa 24 kwa 14 lina sentimita za ujazo 12,096. Kampuni za vifurushi zinazogawa kwa 5,000 zitalihesabu kilo 2.4, hata kama mzani unaonyesha kilo 1.5. Hata hivyo, usilitupe bila kumuuliza mteja. Kwa mkusanyaji, kiatu kisicho na boksi lake la asili hupoteza thamani.

3. Feki humrudia aliyebeba. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Tanzania hutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Mzigo ukikamatwa unaweza kuteketezwa. Hifadhi nakala ya risiti na ya uthibitisho wa ukaguzi kabla ya kupokea mzigo.

4. Namba za viatu hutofautiana. Namba 9 ya kiume ya Nike kwa kipimo cha Marekani ni 8 ya Uingereza na 42.5 ya Ulaya. Kwenye StockX mauzo yakishafungwa ni ya mwisho, hivyo namba ikikosewa hakuna kurudisha.

5. Oda inaweza kufutwa. Maduka ya kampuni zenye nembo hayapendi anwani za mawakala wa mizigo, na yanaweza kukataa kutuma huko. Usichukue fedha ya mteja kama malipo kamili kabla mzigo haujafika kwa wakala.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Anayenunua ili avae aongeze kwenye bei kamisheni, nauli ya ndani, nauli ya nje, ushuru na VAT, halafu ajiulize kama kiatu bado kinastahili fedha hiyo. Kikistahili, bei ikishuka kesho haitamsumbua, kwa kuwa amepata alichokitaka.

Anayenunua ili auze apige hesabu kwa bei ya kuruka iliyopungua kwa theluthi moja, si kwa bei ya leo. Ikiwa kwa bei hiyo bado kuna faida baada ya gharama zote, biashara ipo. Ikiwa faida inapatikana tu bei ikiendelea kupanda, anachofanya si biashara, ni kamari. Fedha za mteja aliyelipa nusu mapema zisiingizwe humo.